Cha Kushoto Hulala Kushoto

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata paka wa gereji aliijua: cha kushoto hulala kushoto. Ukifungua kifaa chochote chenye pacha wake upande wa pili, kabla hujakiweka chini unakigonga alama kwa nyundo na panchi, kile kijiti cha chuma chenye ncha. Nukta moja ni kushoto, mbili ni kulia. Babu aliyeanzisha gereji ndiye aliyeiweka sheria hiyo, wanawe wawili wakairithi pamoja na spana zake, na Nati, mjukuu wake, alifundishwa nukta kabla hajafundishwa herufi. Jina la Nati alipewa na baba yake siku alipong'ang'ania mguu wa meza akiwa na miaka mitatu, watu wazima wawili wakashindwa kumbandua.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, na safari hii alichong'ang'ania kilikuwa gari.

Gari lenyewe liliitwa Nyigu. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la viti viwili, rangi ya manjano, limelala chini mpaka ukitaka kuingia unakunja magoti kama unayetafuta sindano. Baba yake Nati alilikuta limekuwa nyumba ya kuku, akalifufua kwa miaka sita, na kila Jumapili alimpakia mkewe wakatembea mjini watu wakigeuka. Basi mwaka jana, kwenye mteremko mrefu unaotoka gereji kwenda darajani, breki zilimkimbia. Zilikuwa breki za ngoma, zile ambazo viatu vyake hutanuka ndani ya sufuria ya chuma, na sufuria ikishika moto viatu huteleza tu. Alikanyaga, akakanyaga tena, mguu ukafika sakafuni. Darajani watu walikuwa wanavuka. Akampeleka Nyigu kwenye ukuta wa udongo.

Waliokuwa darajani walipona wote. Yeye alivunjika mguu wa kulia mara mbili.

Baba Mkubwa, kaka yake na mkuu wa gereji, alimweleza kila aliyekuja kutoa pole kwamba mdogo wake alikimbiza gari. Alilisema hilo mara nyingi hadi mgonjwa mwenyewe akalikubali. Tangu hapo baba yake Nati hakuwahi tena kuingia ndani ya gari lolote. Hata kliniki alikwenda kwa miguu, na fimbo, akisimama kupumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Baba Mkubwa alipomtafutia mnunuzi wa Nyigu, mpenzi wa magari ya kale aliyetaka gari liwe vile lilivyotoka kiwandani, hata skrubu isibadilishwe, baba hakubisha. Alisema atatia sahihi Jumamosi.

Nati alichukia. Kuuzwa kwa gari kulimuuma, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba sahihi ile ingekuwa kama kukiri kosa. Gari likishaondoka, nani angeweza tena kumwonyesha baba kwamba hakukosea? Angezeeka na fimbo yake na aibu isiyo yake. Kwa hiyo siku nane kabla ya Jumamosi hiyo, mchana kweupe, mafundi wote wakitazama, alimpandisha Nyigu kwenye jeki na kung'oa ngoma zote mbili za mbele.

Baba Mkubwa alitoka ofisini na kikombe chake cha chai, akauliza hiki ni kitu gani. Nati alimjibu kuwa anaweka breki za diski, zisizoteleza zikishika moto. Baba Mkubwa akamwambia anaharibu gari la watu. Nati akasema gari hili lina mtu mmoja tu, yuko nyumbani kibarazani, na kadi bado ina jina lake.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Baba Mkubwa alisema.

Nati aliweka spana chini taratibu. "Baba alikusikia, Baba Mkubwa. Miaka kumi iliyopita alitaka kuweka hizi hizi diski, ukamwambia gari la kale haliguswi. Akakusikia. Na guu likavunjika."

Baba Mkubwa hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kelele. Alitangaza mambo mawili: hakuna fundi atakayemshikia Nati hata tochi, na Jumamosi saa mbili asubuhi yeye mwenyewe atazirudisha ngoma mahali pake, kabla mnunuzi hajafika saa nne. Kisha akarudi ofisini. Chai aliisahau juu ya boneti ya gari la mteja.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nyuma ya gereji kulikuwa na gari la saluni lililokufa injini, mwenyewe aliwaachia zamani wachomoe watakacho. Nati alichomoa pampu ya breki, diski mbili, na kalipa zake mbili, yaani zile ngumi za chuma zinazoibana diski gari lisimame. Alipozitoa tu alizigonga nukta, moja na mbili, kama mtoto mwema wa gereji. Fundi wa mashine ya kukereza, jirani yao asiye na mkuu wa kumkataza, alimkatia vipande vya chuma kizito vya kuzishikilia. Kwenye saluni kalipa zilikaa nyuma ya ekseli. Kwa Nyigu nafasi hiyo ilikuwa imekaliwa na mkono wa usukani, kwa hiyo Nati alizihamishia mbele. Yenye nukta moja akaifunga kushoto, yenye nukta mbili kulia. Hakufikiri. Nani hufikiri anapofunga vifungo vya shati?

Akaweka pedi mpya, mipira mipya ya mafuta, na mafuta mapya. Ijumaa saa nane mchana kazi ilikuwa imebaki moja tu, kutoa upepo kwenye mfumo, kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua skrubu ya kalipa ili mafuta yausukume upepo nje. Na Nati alikuwa mmoja.

Mama yake, aliyeapa hatagusa gari lile hadi anaingia kaburini, alimkuta anasukuma pedali kwa mpini wa fagio huku amejinyoosha kufikia skrubu kwa mkono wa pili. Aliweka chini chombo cha chakula, akatazama kwa muda. Kisha akavua ndala, akakunja magoti, akaingia.

Nati akamwambia akanyage.

"Nimekanyaga."

Akamwomba ashikilie sana, asiachie mpaka aambiwe.

"Nimeshikilia. Nimezaa watoto wanne, kipande hiki cha chuma ndicho kitanishinda?"

Walifanya hivyo kwa saa mbili. Chupa mbili za mafuta ziliisha. Kwenye kimpira cheupe alichokivisha skrubu Nati aliona vipovu vichache mwanzoni, halafu mafuta matupu, safi, bila upepo hata chembe. Lakini pedali ilibaki laini kama godoro la wageni. Mafundi walipita wakijifanya wanatafuta vitu. Baba Mkubwa alisimama mlangoni pa ofisi akitabasamu, na lile tabasamu Nati angependa kulifunga kwa spana namba kumi na saba.

Alikaa chini, mgongo kwenye tairi. Alimwambia mama yake kwamba haelewi. Upepo umo, pedali inasema umo, ila hautaki kutoka.

Mama alikuwa anajikanda goti. "Jikoni kwetu kwa zamani dirisha lilikuwa chini," alisema. "Unakumbuka? Tulilia machozi miaka miwili, mlango wazi, dirisha wazi, moshi hautoki. Mpaka baba yako alipotoboa tundu juu."

Nati alimtazama. Kisha alilala chali, akajisukuma mpaka chini ya kalipa ya kushoto, akaitafuta skrubu ya kutolea upepo. Ilikuwa inatazama sakafu. Alipoihamisha kalipa kutoka nyuma ya ekseli kuja mbele, ilikuwa imepinduka miguu juu. Dirisha lilikuwa chini, na upepo ulikuwa umekaa darini ukiwacheka.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno: ya kushoto ihamie kulia, ya kulia ije kushoto, skrubu zitazame juu. Rahisi, lakini alibaki amelala pale chini, uso ukiwaka. Wiki nzima alikuwa akimlaumu baba yake moyoni kwa kutii bila kuangalia, na yeye alikuwa amefanya hilo hilo, kwa nyundo na panchi. Aliona aibu. Baadaye aibu ikageuka hasira, na hasira ikamwinua. Kabla jua halijashuka kalipa zilikuwa zimebadilishana pande. Mama alikanyaga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili mguu ulikataa kwenda.

"Hii sasa jiwe," mama alisema.

Jumamosi saa mbili Baba Mkubwa alikuja na ngoma mikononi. Magurudumu ya mbele yalikuwa bado hayajarudishwa. Aliinama, akaona nukta mbili upande wa kushoto, na kicheko kikamtoka kabla ya neno. Aliwaita mafundi mmoja mmoja waje waone. Mtoto huyu, alisema, anataka kumwendesha mtu kwenye mteremko, na hata kushoto na kulia hajui. Alimwita pia mdogo wake, aliyekuwa anaingia getini polepole, fimbo mkono mmoja, bega la mkewe mkono wa pili, amekuja kutia sahihi. Akamwonyesha.

Baba yake Nati aliinama kwa shida. Alitazama upande mmoja, akazunguka, akatazama wa pili. Nati alimfuata kwa macho, spana ya magurudumu mkononi. Watu wote wangeweza kumcheka isipokuwa huyu mmoja.

"Upepo unatokea wapi?" baba aliuliza.

"Juu, baba."

Akarudia kutazama skrubu. "Funga magurudumu," alisema, kisha akafungua mlango wa abiria.

Kuingia kulimchukua dakika kadhaa. Mguu mbovu ulibidi kuingizwa kwa mikono yote miwili. Baba Mkubwa alianza kuongea kwa haraka, kwamba gari limeshapata mwenyewe, kwamba yeye ndiye mkubwa na hakuna gari litakalotoka pale, na kiganja chake kilikuwa juu ya boneti.

"Kaka," baba alisema kutoka ndani, "toa mkono. Gari linaondoka."

Nati alishuka mteremko kwa mwendo mdogo kwanza, akashika breki, Nyigu akatulia. Akaongeza, akashika, akatulia tena. Kila alipokanyaga aliona mguu wa baba yake, ule mbovu, nao unakanyaga sakafu upande wake. Daraja likaonekana. Lilikuwa na watu, kama siku ile.

"Hapa ndipo nilipokanyaga," baba alisema. "Ongeza kidogo. Basi. Mwendo ulikuwa huu huu."

Nati alikanyaga. Nyigu aliinamisha pua, akasimama palepale, mbali na daraja, na watu wakaendelea kuvuka bila hata kugeuka.

Baba alitazama ukuta wa udongo, ambao bado ulikuwa na kovu lake. "Sikukimbiza," alisema.

"Hukukimbiza, baba."

"Sikukimbiza mimi." Nati alilia wala hakuficha, na baba naye hakujifanya haoni.

Waliporudi mnunuzi alikuwa ameshafika, amesimama na Baba Mkubwa kando ya ngoma. Baba alimsalimia vizuri, akamwomba radhi kwa safari, akamwambia gari hili haliko tena lilivyotoka kiwandani, na halitarudi. Karatasi ya sahihi aliikunja akamrudishia kaka yake. Halafu akaomba magurudumu ya mbele yatolewe, na panchi, na nyundo.

Walisubiri chuma kipoe. Baba alikaa kwenye kiti kifupi mbele ya kalipa ya kulia, iliyokuwa na nukta moja, akaigonga ya pili. Akahamia kushoto. Hapo palikuwa na nukta mbili, na nukta haifutiki. Aliitazama kidogo, akaweka panchi kando ya zile mbili, akagonga ya tatu.

Baba Mkubwa aliuliza tatu ni upande gani, maana babu hakuacha kitu kama hicho.

"Tatu," baba alisema akiinuka, "maana yake kabla hujaifungua, muulize Nati."