Sauti Nyuma ya Ukuta

Kinyozi alikuwa na adui mmoja tu: mngurumo wa mashine yake ya kunyolea. Tangu kiharusi kimnyang'anye mkewe sauti na upande mmoja wa mwili, mama wa watu alilala chumba cha nyuma ya duka, akitaka kitu anagonga ukuta kwa kijiko. Mashine ikiwaka, kijiko hakisikiki. Siku moja alimkuta midomo imemkauka kwa kiu, kijiko kimeanguka sakafuni.

Ndipo akajifunga kibwebwe. Akanunua kompyuta ya mitumba, akaanza kujifunza kuandika programu mtandaoni, yeye ambaye hata ujumbe wa simu huuandika kwa kidole kimoja.

"Fundi, na mvi zote hizo unataka uinjinia?" dereva wa lori, mteja wake wa siku zote, alimchokoza.

"Tuliza kichwa, nisije nikanyoa na sikio."

Mwalimu wa kwenye video, binti mwenye subira, alionya kwamba kompyuta ni mtiifu kupita kiasi: ukiiambia irudie jambo, iambie na pa kuachia. Onyo likaingia sikio hili, likatokea lile. Kinyozi alikuwa mbali, anatafuta kwenye simu yake ujumbe wa zamani wenye sauti ya mkewe. Akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena: kitufe kikibonyezwa, sauti hii itoke kwenye spika ya dukani. Irudie, nisije nikakosa kuisikia.

Siku ya kujaribu, alimwekea mkewe kompyuta kitandani, akarudi dukani kumnyoa dereva. Kufika nusu ya kichwa, spika ikalipuka:

"We baba, njoo! Chakula kinapoa!"

Sauti ile! Amri tupu, na ndani yake mapenzi tele.

"We baba, njoo! Chakula kinapoa! We baba, njoo!"

Haikomi. Akatimka mbio chumbani, mashine ingali mkononi. Mkewe alikuwa anacheka, kimya kimya, mabega yakimtikisika, machozi yakimtiririka. Tangu augue hakuwa amecheka.

"Nisamehe, mke wangu. Hata kuizima sijui."

Mkewe akanyoosha mkono wake mzima, akapigapiga godoro: kaa. Kinyozi akakaa, akaushika mkono ule.

"Fundi!" dereva alipaza sauti kutoka dukani. "Na nusu hii iliyobaki?"

"Subiri, bwana! Husikii naitwa?"