Maji ya Yadi ya Mulama

Asubuhi ile samaki aina ya ngege walipoelea tumbo juu bwawani, Anyait hakuita mtu. Alisimama ukingoni na ndoo yake, akawatazama walivyorundikana kwenye kona ambako upepo uliwasukuma, macho yao yamekuwa meupe. Juu ya maji palikuwa na utando wa oili uliong'aa kama shingo ya njiwa. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake kutoka mchana hadi magharibi. Ndiyo ilikuwa mvua ya kwanza ya masika, mvua aliyoingoja tangu Krismasi.

Shamba lao lilikuwa mteremkoni, nyuma ya barabara kuu inayoingia Malaba, pale ambapo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Zamani mvua ikinyesha, maji yalipita shambani mbio kama mwizi, yakabeba udongo na mbegu, na kabla mwezi haujaisha Anyait alikuwa anabeba jerikani tena kutoka kisima cha mbali. Yeye na mumewe, Echodu, wakaamua kuyazuia. Walichimba mitaro ya kukatiza mteremko, kila mtaro umelala sawasawa bila kuinama upande wowote. Udongo wakautupa upande wa chini ukawa tuta, na juu ya tuta wakapanda majani ya nepia ya kushika udongo. Maji yaliposhuka yaliingia mtaroni, yakatulia, ardhi ikayanywa taratibu. Yaliyozidi yalimwagikia mtaro wa chini yake, na mwingine, hadi bwawani.

Majirani waliwacheka. Waliuliza kama wanawachimbia nyoka makaburi. Kisha kiangazi kikaja, migomba ya watu ikajikunja na ya Anyait ikasimama kijani, na wale wale waliocheka wakaja na jerikani. Hakumnyima mtu.

Juu ya shamba palikuwa malisho tu na vichaka, mpaka Mulama alipopanunua. Mulama alikuwa mfanyabiashara wa Busia mjini, mwenye malori yake mwenyewe. Alileta tingatinga, akafyeka kila kitu isipokuwa vichaka vya mpakani, akamwaga changarawe nyekundu ya maramu na kuishindilia mpaka ikawa ngumu kama sakafu, akazungushia mabati. Ikawa yadi ya malori. Madereva waliochoshwa na foleni walilala humo, wakaosha injini humo, wakabadilisha oili humo. Echodu akapata kazi ya kulinda geti, na Anyait alifurahi. Yunifomu ya mumewe aliifua mwenyewe kwa mikono yake, akaipiga pasi mikunjo ikasimama.

Sasa alijaza ndoo samaki wafu na kupanda nayo mteremko hadi yadini.

Echodu alimwona akija, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Ajiko, unapeleka wapi hiyo ndoo?"

"Fungua."

"Boss ako na wageni. Ngoja kidogo nimwambie."

"Baba Ajiko, fungua geti."

Alifungua. Anyait alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kontena lililofanywa ofisi, akaigeuza ndoo mlangoni. Samaki waliteleza juu ya saruji wakafika hadi kwenye viatu vya Mulama, ambaye alikuwa ametoka kuona kuna nini. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na hakukasirika. Hilo ndilo lililomuudhi Anyait zaidi.

"Pole sana, mama," alisema. "Hao ni samaki wako?"

"Walikuwa wangu. Sasa ni wako. Oili yako ndiyo imewaua."

"Mama, mimi sikunyesha mvua. Maji yanateremka. Sasa ningeyaambia yapande?"

"Mvua si yako. Oili ni ya nani?"

Madereva wawili waliokuwa wakinywa chai kando ya lori walicheka. Mulama naye akatabasamu. "Nitakununulia vifaranga vya samaki. Wengi kushinda hao."

"Niwaweke wapi? Kwa sufuria?"

Ndipo alipoona kile ambacho kutoka shambani kilikuwa kimefichwa na vichaka. Kwenye kona ya chini kabisa ya yadi, chini ya mabati, kulikuwa na kalvati mpya ya saruji, bomba pana la kutolea maji. Maramu yote iliinamia hapo. Na mdomo wake ulielekea mtaro wa kwanza wa Anyait, sawasawa kama mtu aliyelenga kwa manati.

"Na hiyo kalvati," alisema, "pia iliteremka na mvua?"

Mulama alimtupia Echodu jicho, kisha akatazama simu yake. "Enda nyumbani, mama. Nitaongea na mzee wako."

Jioni Echodu alirudi, akala bila kuinua macho. "Wacha niongee naye polepole," alisema. "Yule ni mtu wa kuelewa." Anyait alingoja hiyo polepole. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali, akaketi kwenye benchi tangu asubuhi, akaambiwa mhusika ameenda mkutanoni, arudi wiki ijayo. Aliporudi, mhusika alikuwa mkutanoni tena. Katikati ya hayo mvua ya pili ikanyesha. Haikungoja mtu kutoka mkutanoni. Ilivunja tuta la kwanza, ikang'oa nepia na mizizi yake, na sukuma wiki zilizokuwa chini yake zikalala kwenye tope jeusi lililonuka dizeli. Mtoto wa jirani aliyekuja na jerikani alirudishwa bila maji. Siku hiyo Anyait alihisi aibu, kana kwamba ni yeye aliyeyaharibu.

Zainabu alimkuta akizing'oa zile sukuma na kuzitupa kando. Zainabu alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe nje ya geti la yadi, na tangu alipokifungua mboga alizowauzia madereva zilitoka hapa hapa. Alichutama, akaanza kung'oa naye.

"Dada, vumilia," alisema. "Aliye juu mngoje chini."

"Mimi niko chini tayari. Ninachongoja ndicho hiki." Anyait alimwonyesha kiganja chake, cheusi hadi kwenye mistari.

Zainabu aling'oa mche mmoja, akaukung'uta zaidi kuliko ilivyohitajika. "Kuna kitu sijakuambia, na kila ukinipa mboga inanikaa kooni. Siku ile wanajenga kalvati nilikuwa nimewapelekea mafundi chapati. Fundi mwenyewe alitaka maji yaende mtaro wa barabarani. Alisema ni kazi ya siku kadhaa kuchimba, lakini ndiyo njia. Mzee wako ndiye aliwaambia waielekeze kwenu."

"Mzee wangu gani?"

"Echodu. Alisema mitaro yenu inaweza kumeza maji ya Malaba yote na bado iseme ina kiu. Watu wakacheka. Boss akafurahi, akamwambia aje kesho yake aanze kazi."

Anyait aliendelea kung'oa. Alifika mwisho wa mstari, akarudi kwenye mstari mwingine ambao haukuwa umeharibika, akaung'oa nao, mpaka Zainabu akamshika mkono.

Echodu hakukana. Anyait alimuuliza akiwa amesimama mlangoni, na mumewe, aliyekuwa ameketi, akavua kofia ya yunifomu akaishika magotini kama mtu aliye msibani.

"Nilidhani ni baraka," alisema. "Maji mengi hivyo, ya bure. Sikufikiria oili. Haki ya Mungu, sikufikiria."

"Na ulipoona samaki?"

"Nikaogopa kukuambia."

"Lakini hukuogopa kunywa chai yangu."

"Nilitaka tu wajue tulichofanya hapa, Mama Ajiko. Watu wenye matingatinga. Nilijivunia."

"Tulichofanya." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Tulichimba wawili. Nilichimba na homa. Nilichimba mpaka mama yako akasema nitamzalia wajukuu wenye koleo badala ya mikono. Halafu siku ya kukitoa kwa watu ukakitoa peke yako, kwa kujionyesha. Na mimi nikakupigia pasi."

Anyait alichukua magunia matupu yaliyokuwa darini, akatoka nayo.

Kesho yake, Echodu alipokwenda kazini, Anyait alianza kuyajaza udongo. Udongo wenyewe aliutoa kwenye tuta lililovunjika. Zainabu alifunga kibanda akaja kumsaidia kubeba, bila kuombwa. Walipanda nyuma ya vichaka, upande wa nje wa mabati, ambako mlinzi wa geti hakuweza kuwaona, wakauziba mdomo wa kalvati gunia juu ya gunia, wakashindilia udongo katikati mpaka hata panya asingepita. Mchana mawingu yakakusanyika upande wa Uganda. Mwamba wa Tororo ulionekana, kisha nusu yake, kisha ukamezwa.

Zainabu alimwambia waende. Anyait akaketi juu ya magunia, na Zainabu akarudi kibandani peke yake.

Mvua ile haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika. Upande wa pili wa mabati alisikia maji yakikusanyika, kwanza yakinong'ona, halafu yakigonga mabati kama ng'ombe anayetafuta mlango. Alisikia madereva wakiitana. Injini iliwashwa, ikanguruma mahali pamoja, ikazimika. Mtu alisema kwa sauti ya hofu kwamba lori la mbolea linazama upande mmoja.

Kisha akasikia sauti ya Mulama, ambayo sasa haikuwa ya upole. "Echodu! Zunguka huko nje ufungue hiyo kitu."

Echodu alikuja na jembe, yunifomu imemgandama mwilini. Alipomwona mkewe alisimama.

"Toka hapo."

"Nitoe."

"Mama Ajiko, malori yanazama. Ni mali ya watu. Nikikataa leo, kesho tutakula nini?"

"Tutakula tulichokuwa tunakula kabla hujawa mtu mkubwa."

Echodu alisogea. Hakumgusa. Alichutama kando yake, akaingiza mkono, akavuta gunia moja la pembeni. Maji yalitoka kwa nguvu, meusi, yenye joto la injini na harufu yake, yakampiga kifuani, yakamwingia mdomoni. Alitema. Akayafuata kwa macho yakikimbia mteremkoni hadi kwenye ule mtaro wa kwanza, mtaro alioupima yeye mwenyewe, yakauingia na kuujaza rangi ya lami. Alikohoa, akatema tena, na alipoinama Anyait alidhani anachukua gunia la pili. Alilichukua lile lile, akalirudisha kwenye tundu, akalisukuma kwa goti.

"Boss," aliita juu ya mabati. "Mama Ajiko ameketi hapa. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Basi vua hilo koti langu ulirudishe."

Echodu alivua koti, akalining'iniza juu ya mabati, mvua ikampiga akiwa na fulana peke yake. Alimtazama mkewe. Alikuwa anangoja kitu usoni mwake, na Anyait alijua anangoja nini, akamnyima. Aliyoyafanya sasa alipaswa kuyafanya siku ya mafundi. Hakuona sababu ya kumshukuru mtu kwa kuchelewa.

Kilichommaliza Mulama ni madereva. Walikuwa wametoka kwenye malori, maji yakiwafika kwenye mashavu ya miguu, na mmoja wao, Mganda mzee kidogo aliyekuwa na shehena ya mbolea, ndiye aliyesema kwa wote. "Bwana ssebo, huyu mama, huyu nnyabo, hana makosa. Wewe ndiwe ulitengeneza sinia, ukatuweka ndani yake. Kama hii maji haina njia yake yenyewe, sisi tutaenda yadi ingine. Leo."

"Mama," Mulama aliita mwishowe. "Unataka nini?"

Anyait alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na ilimbidi ashike mabati. Hakumwona Mulama, wala hakutaka. "Chimba mpaka mtaro wa barabarani, kama fundi wako alivyosema. Na pahali pa kumwaga oili, chimba shimo lako, ndani ya mabati yako. Hii kalvati uizibe kwa saruji. Mpaka siku hiyo nitakaa hapa."

"Nimekubali. Sasa fungua."

"Ukianza kuchimba, nitafungua."

Walianza mvua ikiwa bado inanyesha, madereva wenyewe wakishika makoleo, kwa sababu malori yaliyokuwa yakizama yalikuwa yao wala si ya Mulama. Maji yalipopata njia nyembamba ya barabarani, yakashuka yadini polepole, hata haikubidi Anyait aondoe magunia. Wiki iliyofuata tingatinga lilirudi likamalizia mfereji, na mdomo wa kalvati ukapigwa zege. Shimo la oili lilichukua muda mrefu zaidi, na Anyait alipanda kila asubuhi kulitazama, akasimama getini bila salamu, mpaka likakamilika. Mlinzi mpya alijifunza kumfungulia.

Lakini bwawa lilikuwa limekufa. Ilibidi walikaushe lote, wakwangue tope la chini na kulizika mbali na mimea. Mwaka ule hakuthubutu kuuza hata jani moja. Zainabu alinunua mboga sokoni, akapunguza maharagwe kwenye sahani za madereva, na hakulalamika.

Echodu alifanya kazi hiyo ya tope tangu asubuhi hadi jua linapozama, kwa bidii ya mtu anayetaka aonekane. Anyait alifanya kazi kando yake. Walizungumza mambo ya kazi: lete koleo, shika hapa, hili tope bado linanuka, chota tena. Usiku alimwekea chakula na kwenda kulala.

Siku moja, wakiwa ndani ya bwawa tupu hadi magotini, Echodu aliegemea koleo lake. "Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

"Zitaisha lini?"

Anyait alichota tope, akalitupa ukingoni, akachota tena. "Sijui," alisema. "Chimba."

Akachimba.