Kiriba Kizito

Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilisubiri saini yangu tu, mimi mpima udongo wa kitalu, nithibitishe kwamba miche mia tatu imenyauka kwa uzembe wa mmwagiliaji. Nikisaini, anafukuzwa kazi leo hii.

Mmwagiliaji mwenyewe, tuliyezoea kumwita Mama Mvua, alikaa nje ya ofisi juu ya ndoo iliyofudikizwa, miguu peku kama kawaida yake.

"Saini tu, mwanangu," aliniambia. "Kweli juzi sikumwagilia. Nilinyanyua viriba vya miche, nikaona vizito. Kiriba kizito kina maji. Mwaka wa kumi na tisa huu nafanya hivyohivyo."

Moyo uliniuma. Kanuni yake ilikuwa sahihi kwa udongo wetu wa zamani, ule wa rangi ya majivu, uliochanganywa na mchanga. Lakini mwezi uliopita msimamizi alileta udongo mweusi wa bondeni. "Tazameni ulivyonona!" alituambia. "Wageni wakija wataona kazi." Mimi nilijua. Udongo wa mfinyanzi ni bahili: hunywa maji mengi ukayafumbata, mizizi ikabaki kubisha hodi. Na weusi wake hunywa jua lote. Nilijua, nikainamia daftari langu, nikanyamaza. Mimi hata salamu huitikia kwa sauti ya kuazima.

Msimamizi alichungulia mlangoni. "Vipi, Msomi? Kalamu nayo imenyauka?"

"Sisaini."

"Umesemaje?"

"Sisaini, bosi. Naomba tutoke nje."

Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Nyuma ya ghala palikuwa na malundo mawili: jipya jeusi, na mabaki ya ule wa zamani. Wanawake waliokuwa wakijaza viriba walisimamisha mikono.

"Vua viatu," nikasema.

"Nani, mimi?"

"Mama Mvua anakanyaga hapa kila siku."

Angekataa, lakini macho yote yalikuwa kwake. Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatusalimia. Akavua na soksi, akapanda lundo jeusi kifua mbele. Wanawake wakaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu... Saba haikufika. Aliruka kama aliyeng'atwa na siafu, akatua kwenye lundo la zamani.

"Hapo je?" nikamuuliza.

"Hapa... afadhali."

"Mizizi haina pa kurukia, bosi."

Nikachukua kiriba kimoja, nikakipasua. Ndani udongo ulikuwa na unyevu, ukanata vidoleni kama ulimbo. Mche ulikuwa mkavu kama njiti.

"Maji haya hapa. Mche umekufa kwa kiu huku umeyakumbatia. Hata kama Mama angemwagilia juzi, udongo huu ungeuua mche tu."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Nilimtazama usoni.

"Ni lako uliyeuleta, na langu niliyejua nikanyamaza. La Mama Mvua silioni. Nimeandika hivyo kwenye ripoti asubuhi hii, na nimeibandika ubaoni, pembeni ya zamu za wiki."

"Kaibandue."

"Sibandui."

"Nitaanza kukufukuza wewe!"

"Andika barua, bosi. Ila tafuta mwingine wa kuisaini."

"Vaa soksi kwanza, baba," Mama Mvua alidakia kutoka nyuma, "usije ukatufukuza ukiwa peku, tukakuona mwenzetu."

Kicheko kililipuka. Msimamizi hakucheka, wala hakuomba radhi. Alininyang'anya barua niliyotoka nayo ofisini, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kiatu na kukibeba mkononi.

"Na miche iliyobaki?"

"Tuihamishe leo, tuchanganye udongo na mchanga, tuiweke kivulini."

"Mchanga uko getini. Toroli ni moja. Utausukuma mwenyewe, mdomo mrefu wewe."

"Nitausukuma."

Na niliusukuma. Safari ya kwanza nilikuwa shujaa. Ya tatu, gurudumu lilizama na viganja vikachubuka, nikawa karibu kulia. Mkono mgumu ukashika mpini wa kushoto.

"Twende, Msomi," alisema Mama Mvua. "Huo mchanganyiko wako mpya, nitajuaje kama umeshiba?"

"Nyanyua kiriba, Mama. Kikiwa kizito, kina maji."

"Si ndivyo nilivyosema?" akafoka, akasukuma kwa nguvu hadi ikabidi nikimbie.