Mguu Mmoja Juu, Ukurasa wa 212

Ijumaa hii mchana, kichwa kikiwa juu ya cherehani na gauni la mteja likiwa mto, niliota kwamba kikao chetu cha wasomaji kimehamishiwa kwenye mizani ya kupimia malori.

Kwanza nieleze kikao chenyewe, maana hicho si ndoto. Sisi ni watu watano hapa Iringa tunaopenda riwaya za njozi kupita kiasi. Kila Jumamosi saa tisa tunakutana dukani kwangu, kwa kuwa mimi ni fundi mwenye viti vingi kuliko wateja. Kitabu ni nakala moja, inazunguka. Ukiimaliza unatia saini ndani ya jalada la nyuma, na bila saini kwenye kitabu cha mwandishi huwezi kumpigia kura.

Kesho ndiyo kura. Tunachagua mwandishi wa kumsoma mwaka mzima: Bi. Salwa Mkongowe au Bwana Tepeli Ngwandu. Sisi wa Bi. Salwa tuko watatu, wao wawili. Ukinitoa mimi tunalingana, na kura zikilingana anaamua mkubwa kwa umri. Mkubwa ni Mwalimu Kihwele, mstaafu wa jiografia, ambaye kwa Ngwandu haambiliki.

Saini yangu ipo kwenye kitabu cha Bi. Salwa tangu mwaka juzi. Tatizo ni kwamba sikukimaliza.

Basi, ndotoni. Kanuni yetu ya kwanza inasema kila msomaji ambebe mwandishi wake, nasi tumewabeba. Mwalimu Kihwele amemfunga Bwana Ngwandu mgongoni kwa kanga, na Bwana Ngwandu, mtu wa kilo zake, anakula karanga na kumwaga maganda kwenye ukosi wa Mwalimu.

"Mwalimu, shikamoo. Mzito?"

"Marahaba, Subilaga. Ana juzuu saba. Ya sita ndiyo inayoniumiza kiuno."

Mimi nimembeba Bi. Salwa. Ni mwepesi mno, kama kikapu kisichotiwa kitu. Najisifu kimoyomoyo kwamba nina nguvu, kisha tunapanda kwenye mizani.

"Huyu hajabebwa mzima," inasema mizani. Ina sauti ya karani aliyekosa chai ya saa nne. "Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Zilizobaki tisini na tano ziko wapi?"

"Labda ubovu wa mizani," nasema.

"Nimepima malori ya mbao miaka kumi na tisa, mama. Iitwe saini."

Jalada la nyuma linafunguka kama mlango. Saini yangu inatoka, imevaa viatu vyangu vya kanisani, inatazama chini.

"Mimi nililetwa kabla ya wakati," inasema. "Nilimwambia. Akasema foleni ni ndefu, watu wanakisubiri kitabu."

Ni kweli tupu. Ningeikanaje, na imevaa viatu vyangu?

Bi. Salwa ananigusa bega. "Mwanangu, naomba unishushe pale uliponiachia."

Namshusha, na mizani si mizani tena. Ni daraja la kamba, refu, linalopepesuka juu ya korongo. Nalijua daraja hili. Katikati yake amesimama Nyamizi, shujaa wa kitabu, mkuki begani, mguu mmoja chini na mwingine hewani.

"Umekuja," anasema Nyamizi.

"Nimekuja. Hujambo?"

"Sijambo, ila mguu umekufa ganzi. Tangu mwaka juzi nauinua. Sentensi imekatikia hapa: 'Nyamizi akainua mguu, na kamba ya kushoto...' Kamba ya kushoto imefanya nini? Hakuna anayeniambia."

Huko chini kuna joka la vichwa vitatu ambalo kazi yake ni kumngoja. Limekinai. Linacheza bao, vichwa viwili dhidi ya kimoja, na kile kimoja kinashinda.

"Dada, fanya hima," kichwa kimoja kinanipigia kelele. "Sisi tuna shughuli ukurasa wa mia mbili na thelathini. Tumeshavaa."

Nyamizi ananitazama. "Nilikuudhi?"

"Hapana. Nilikupenda. Nikahisi kamba itakatika, nikaogopa utakufa. Nikasema nikifunga kitabu, hutakufa."

"Sikufa," anasema. "Nilisimama tu. Ulijaribu kusimama hivi hata dakika moja?"

Najaribu. Ni vigumu sana. Naona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokata vibaya kitambaa cha bibi harusi.

Namwomba radhi. Anasema radhi hazifungi kamba. Basi naitazama kamba ya kushoto kwa macho ya kazi: imekatika, na ncha zake mbili hazifikiani. Navua shingoni futi yangu ya manjano, ile ya kupimia nguo, napima pengo na nafasi ya mafundo. Sentimita kumi na mbili. Namkatia Nyamizi kipande cha futi kwa mkasi, naye anafunga, anavuta, anatikisa.

"Fundo la kifundi," anasema. "Sasa geuza ukurasa, nishushe mguu."

Ukurasa wenyewe ni mkubwa kama bati la nyumba. Naushika kwenye kona, hauendi. Kisha naona upande wa pili kuna mtu ameushika kona nyingine. Ni Atukuzwe, rafiki yangu, ndiye aliyekileta kitabu hiki kwenye kikundi. Amekaa kwenye kigoda, kama mtu aliyezoea kukaa hapo.

"Dada Subi, nakungoja huku tangu mwaka juzi," anasema. "Nilikuwa nataka mtu wa kuongea naye mwisho wake. Nikikuuliza, unasema ulilia sana, halafu unaanza kuzungumzia vifungo."

Tukavuta wote wawili. Bati likageuka kwa kishindo.

Kishindo kilikuwa cha mlango wa duka. Atukuzwe alikuwa amesimama mbele yangu na begi lake, amekuja kupimwa blauzi.

"Dada Subi! Umelalia gauni la watu, na mate juu."

Nilijifuta mdomo. Nilijua nisiposema sasa hivi nitaanza kuzungumzia vifungo.

"Atu, ule mwisho wa kitabu sikulia. Sijaufikia. Niliishia darajani, nikatia saini hivyo hivyo. Nimekudanganya miaka miwili, na kesho nilitaka kupiga kura kwa saini hiyo."

Atukuzwe aliweka begi chini taratibu, na nikaona kwamba ameumia. Iliniuma kuliko ndotoni.

"Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa naongea peke yangu," alisema.

"Peke yako, mdogo wangu. Nisamehe."

Alitazama saa. Kisha akavuta kigoda, akaketi. "Zimebaki kurasa ngapi?"

"Tisini na tano."

"Mpaka kesho saa tisa zinasomeka. Soma kwa sauti, nami nisikie. Usipomaliza, mwambie Mwalimu mwenyewe."

Nilikitoa kitabu kwenye mtoto wa meza. Kabla ya yote nikaifuta saini yangu kwa kalamu, mistari miwili. Kisha nikafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, ambao macho yangu hayajawahi kuuona, nikasoma:

"...ikakatika. Lakini Nyamizi alikuwa na utepe wa manjano ulioandikwa namba. Akaifunga kamba kwa utepe huo, akashusha mguu."

"Hapo ndipo panaponishinda," alisema Atukuzwe. "Nimesoma mara nne. Kwenye kitabu kizima hapasemwi huo utepe aliupata wapi."

Nilipeleka mkono shingoni. Futi yangu ilikuwepo. Niliishika ncha, nikaitazama, nikaigeuza, nikaitazama tena. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na namba ya kwanza ilikuwa kumi na tatu.

"Endelea basi," alisema Atukuzwe, akisogeza kigoda karibu.