Usukani wa Linet

Watu wa mtaa wetu wa West Indies, mjini Eldoret, walitucheka waziwazi tulipotoka. Basi kuukuu la shule lililogeuzwa nyumba, kitanda na jiko ndani, na nyuma yake gari dogo, Vitz nyekundu, imefungwa kwa chuma cha kuivuta! Mume wangu Kipkemboi alilitengeneza basi hilo ili tukistaafu ualimu tuzunguke nchi. Vitz ilikuwa ya binti yetu Linet, aliyefariki mwaka jana kwa homa ya mapafu. Mimi nilitaka tuiuze. Kipkemboi alikataa katakata.

Gari likivutwa hivyo, magurudumu yote chini, ufunguo huachwa ndani ili usukani usijifunge. Basi likikata kona, usukani wa gari la nyuma nao huzunguka wenyewe. Najua ni ufundi tu. Lakini tangu tutoke mjini, mume wangu alikuwa akiitazama skrini ya kamera ya nyuma zaidi ya barabara.

"Umeona, Mama Linet? Hiyo kona ameikata safi."

"Ameikata nani?"

Alikuwa akitabasamu, tabasamu ambalo mimi sijapewa tangu mazishi. Nilimwonea wivu binti yangu marehemu, na nikajichukia.

Huko juu milimani, Timboroa, tulipokewa na ukungu. Lori lilikuwa limeanguka mbele yetu na kufunga barabara yote. Wengine waligeuza wakarudi Eldoret. Sisi hatungeweza, kwa sababu ukirudi nyuma kwa rivasi na gari limefungwa hivyo, magurudumu yake yanapinda na chuma kinavunjika. Lazima ulifungue kwanza.

"Hatufungui," Kipkemboi akasema.

Magari yakapiga honi nyuma yetu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nikimwacha hapa na hii baridi, atabaki na nani?"

Nilitaka kumpigia kelele kwamba aliyebaki ni mimi, mkewe, niliye hai, niliyeketi kando yake.

"Nitaiendesha mimi, Baba Linet," nikasema. "Wewe geuza basi."

Nilishuka, nikachomoa pini ya kile chuma kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikaingia ndani ya Vitz. Kiti kilikuwa mbele kabisa, alivyokiacha Linet, mfupi yule. Magoti yangu yaligusa dashibodi lakini sikukisogeza. Niliposhika usukani, ulikuwa na joto. Sijui niseme nini kuhusu hilo.

Basi liligeuka, nikalifuata ndani ya ukungu, taa zimewaka. Simu ikalia, nikaiweka spika.

"Linet," Kipkemboi akasema, kwa sauti ya upole niliyokuwa nimeisahau. "Usinikaribie sana. Hizo breki zako unazijua."

Nilingoja atangulize lile neno Mama. Hakulisema. Nilimsikia akipumua, akinisubiri, na nikafungua mdomo nimwambie ni mimi.

"Sawa, Baba," nikasema, kama ambavyo angesema Linet.

Akamshukuru Mungu kwa sauti, nami nikapunguza mwendo.