Choo Changu na Sato wa Masalu

Mimi Mama Wema nikishapandisha hasira hakuna wa kunishika, na siku ile nilipandisha bure. Shemeji yangu Masalu, mdogo wa marehemu mume wangu, anafuga sato kwenye vizimba vinne katika ghuba yetu hapa ziwani, Geita. Ndiyo maisha yake yote. Asubuhi nilimkuta majini hadi kifuani, samaki wamejaa juu, wanahema vinywa wazi.

"Zebaki!" nikapiga kelele. "Si nilisema? Hao waosha dhahabu wa upande wa magharibi wa ghuba watatumaliza!"

Huku kwetu hata kuku akifa, lawama ni za wachimbaji. Niliwaporomoshea matusi hadi sauti ikakauka. Masalu akaniamini, akafunga kamba kwenye mitumbwi miwili, wapiga makasia wakaanza kuvivuta vizimba vyake mashariki, mbali na zebaki.

Ndipo akafika Melania, afisa uvuvi wa kata. Akatumbukiza kipimo chake, akatikisa kichwa.

"Hewa imeisha humu. Na si zebaki, ni maji ya vyoo na sabuni. Mvua ya jana imeyashusha kwa mkupuo, uchafu unaoza na kula hewa ya samaki. Nani ametapisha choo?"

Majirani walikuwa wamejaa ufukweni. Kila mtu akamtazama mwenzake.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze! Jana mvua ilipochanganya nilizibua shimo la choo cha wapangaji wangu kumi na wawili, nikaacha maji yasombe. Kwetu Didia, kijijini nilikozaliwa, maji ya bafuni tuliyaelekeza shambani, mahindi yakanenepa. Nikajiambia, ziwa lote hili litashindwaje kuyameza? Na mfereji wangu unamwaga mashariki, kulekule mitumbwi ilikoanza kuelekea. Nikinyamaza, siri inabaki yangu na sato wanakufa wote.

"Masalu, geuza!" nikapayuka. "Ni choo changu! Ni mimi! Vuta magharibi!"

Alinitazama kama hanijui. Kisha akawafokea wapiga makasia, wakageuza. Nikajitosa na kitenge changu, nikashika kamba. Tulipokaribia kule, wachimbaji niliowatukana wakaingia majini kutusaidia kuvuta, wala hawakuniuliza kitu.

Saa sita hivi samaki mmoja akazama chini akiogelea, kisha wengine, hadi juu pakabaki maji matupu. Melania akapima tena.

"Wamepona," akasema.

Loo! Nikakaa palepale kwenye maji ya ufukweni nikalia kwa raha, bila haya.

Masalu akanijia, maji yanamchuruzika. Nilingoja anitukane, maana nilistahili.

"Shemeji," akasema, "kesho tunachimba shimo jipya la choo chako, la kujengewa na kufunikwa, na jembe la kwanza unapiga wewe. Halafu sato hawa wakikomaa, wa kwanza unamla wewe, hadharani, sote tukikutazama."

"Nitamla," nikasema huku kamasi zinanitoka. "Na mchuzi wake nitaunywa."