Karani wa Kura

Miaka sita Isakwisa alikaa Amerika akisomea historia ya siasa za huko, na kitabu kizima alichokiandika kilihusu jambo moja: jinsi watu weusi wa majimbo ya kusini walivyofukuzwa kwenye kura kwa visingizio vya elimu na kodi. Makarani wa mezani, walioandikisha wapiga kura, ndio aliowachapa zaidi kwa kalamu. Aliwaita mbwa wa mlangoni.

Akarudi Mbeya mwaka 1957 na shahada zake. Lo! Nani alikuwa na haja nazo? Mzungu wa elimu alimwambia historia ya Amerika haioteshi kahawa. Ila uchaguzi ulikuwa unakuja, na alitakiwa karani msomi wa kuandikisha wapiga kura. Akifanya kazi bila kuleta siasa, atapewa nafasi ya kufundisha chuoni Iringa. Isakwisa alikuwa amechoka kulishwa na mkewe Ikupa, muuza ndizi. Akakubali.

Sheria ilikuwa fupi: asiye na elimu, kipato wala cheo, haandikishwi.

Asubuhi moja akasimama mbele yake mjomba wake Abrahamu, kavaa koti la kanisani. Mzee huyu ndiye aliyechimba dhahabu Makongolosi mpaka kifua kikaharibika, ili nauli ya meli ya Isakwisa kwenda Amerika ipatikane. Habari za wale makarani wa Amerika alishazisikia zote kwa mpwa wake, na siku ile aliguna, "Hao hawana mama?"

"Shikamoo, mjomba," Isakwisa alinong'ona. Yule Mzungu wa elimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Marahaba. Niandike."

"Kipato?"

"Si unakijua."

"Cheo?"

"Sina."

"Elimu je, ulifika darasa la ngapi?"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Elimu yangu si ndiyo wewe?"

Mstari mzima ukacheka. Isakwisa alitamani ardhi ipasuke immeze. Kalamu anayo mkononi, jina analijua! Akafikiria kazi ya Iringa.

"Anayefuata," akasema.

Abrahamu hakugombana. Alivaa kofia yake, akatoka, na hakukanyaga tena nyumbani kwa mpwa wake mpaka anazikwa.

Kazi ya Iringa aliipata, na kufundisha alijua, hakuna ubishi. Siku alipofikia kura za weusi wa Amerika, darasa lilichemka. Mwanafunzi mmoja, Philbert, akasimama kwa hasira.

"Mwalimu, wale makarani walikuwa watu wa namna gani?"

Isakwisa alilikumbuka lile neno la kitabu chake, mbwa wa mlangoni.

"Walikuwa wamesoma," akasema, akageuka kufuta ubao.